Kwa Nini Pale Korongoni Hapana Viwanja

Wanangu mliopokea vifaa vyetu pale idara ya ardhi, habari za kazi. Mmoja wenu alinipigia simu juzi, sauti ya adabu kabisa. "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu." Akaniambia amerusha droni yake juu ya kitongoji cha Mkinduni, akaona ukanda mrefu wa majani unakatiza katikati ya makazi ya watu, mpana kuliko barabara ya lami, na ndani yake hamna kiwanja hata kimoja. Akaenda kwenye ramani, akakuta pameandikwa maneno ambayo kwenye orodha yenu ya matumizi ya ardhi hayamo. Akauliza kama ni makosa ya uchapaji, ili arekebishe.

Asirekebishe. Maneno yale niliyaandika mwenyewe, nikayagombania, na kuna watu walininunia kwa ajili yake mpaka nikazoea. Jibu lake ni refu kuliko vocha yangu, ndiyo maana nawaandikia nyote.

Jina langu ni Tabita Chilewa, ila hapa Kibiti ukiniulizia kwa jina hilo utazunguka mpaka uchoke. Ulizia Mama Bikoni. Nilikuja msichana kutoka Dodoma, na begi moja la nguo na sanduku la darubini ya kupimia, na nimestaafu nikiwa bibi. Katikati ya hapo ni bikoni tu, zile nguzo fupi za mipaka ya viwanja: kuzimwaga zege, kuzibeba, kuzizika ardhini, na kurudi baada ya mwaka kukuta mtu kaing'oa kaifanya figa. Msicheke. Niliwahi kukaribishwa wali nyumba moja, nikainama kuchochea moto kumsaidia mwenyeji, nikakuta mafiga yote matatu yana namba zangu. Wali niliula. Ulikuwa wa nazi.

Nyinyi mnapima kwa setilaiti. Sisi tulikuwa na darubini ya miguu mitatu, na watu wakidhani ni kamera. Kule upande wa Ruaruke mama mmoja aliniona nimeinama kwenye darubini, akakimbia ndani, akamvika mwanawe gauni la Idi, akaja kusimama naye mbele yangu anatabasamu. Nikashindwa kumwambia ukweli. Nikapima, nikamshukuru. Wiki iliyofuata alinifuata ofisini kuulizia picha. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mhandisi. Alikuwa mshika tepu wangu, Mzee Mbonde, Mndengereko wa hapa hapa, mwembamba, mlalamishi wa magoti, na mpenzi wa kahawa chungu kiasi kwamba vituo vyetu vya kupimia tulivipanga kwa kufuata wauza kahawa. Hakuwa mtu wa hekima nyingi. Alikuwa mtu aliyetembea sana na kuangalia chini.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa tunapima viwanja katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Lindi, si mbali na Nyamwage. Tukafika mahali pa mchanga mweupe, pameinama kidogo kama kiganja cha mkono, pakavu kabisa. Nikamwambia Mzee Mbonde apige kigingi. Akaweka nyundo chini.

"Mie hapa sipigi."

"Kwa nini, mzee?"

"Hapa njia."

"Njia ya nani? Mbona sioni nyayo?"

"Mwenyewe hapiti kila siku."

Nilidhani ananiletea habari za majini, nami nilikuwa binti wa kwaya, sikutaka majini kazini. Nikaichukua nyundo nikapiga kigingi mwenyewe. Kumbe mzee hakumaanisha majini. Alimaanisha maji.

Kiwanja kile kilichukuliwa na muuza duka kutoka Singida, mtu mpole, akajenga vyumba viwili na jiko uani. Masika ya pili, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amebandika maharage, maji yakaja yakapitia jikoni. Mama alitoka na mtoto mgongoni. Jiko halikutoka. Maharage waliyaokota kuku wa jirani wiki nzima. Nilipokwenda kutoa pole, yule bwana akanifariji mimi: "Usijisumbue, dada, ni kazi ya Mungu." Ilikuwa kazi yangu. Mungu alikuwa ameshamtuma Mzee Mbonde na nyundo yake.

Na la kunitia aibu zaidi ni kwamba mimi ni mtu wa Dodoma. Kwetu mito ni ya mchanga. Kiangazi kizima wanawake wanafukua mchanga kwa mikono kupata maji ya kunywa, na hakuna mwehu anayejenga ndani ya mto kwa sababu tu mto umelala. Lakini nilipofika huku nikaona minazi, mikorosho, kijani kila upande, na Rufiji yenyewe kule bondeni imejaa maji mwaka mzima. Mawazo ya mto mkavu nikayaacha kwetu.

Basi niwaambie namna ya kulitambua korongo wakati halina maji, maana droni itawaonyesha majani tu. Litembee kwa miguu kutoka juu kwenda chini. Usilikatize tu kama mtu anayewahi basi. Tazama matawi kabla ya ardhi: ukikuta vijiti, majani makavu na mifuko ya nailoni imenasa usawa wa kiuno chako, ujue maji yalifika kiunoni. Chota mchanga. Ukiwa wa chenga nene, safi, umesafiri. Ukiwa vumbi laini la rangi ya shamba, huo ni wa pale pale. Kisha tafuta vichuguu. Mchwa hawajasoma, lakini sijawahi kuona kichuguu kirefu katikati ya njia ya maji. Ukiviona vimejipanga huku na huku na katikati hamna, mpaka wa korongo umeshapimwa bure. Mzee Mbonde alikuwa na njia yake nyingine: alilala chali mchangani akasema anausikia ubaridi wa maji yaliyopita. Nami nikalala. Nilisikia siafu.

Sasa Mkinduni.

Kitongoji kile zamani kilikuwa mashamba ya mikorosho ya wenyeji. Walimu, manesi na wafanyabiashara kutoka bara walipoanza kununua, nikatumwa kukipima. Wakati huo nilikuwa nimeshakomaa. Korongo nililiona mapema, pana, limejaa mikindu, linashuka katikati kutoka kilimani. Sikuweka kiwanja ndani yake. Niliacha nafasi tupu kwenye ramani, mistari ya nukta pande zote mbili, nikaondoka nimejipongeza.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, wanangu, na kosa hili hamtalikuta vitabuni. Nafasi isiyo na jina kwenye ramani ni mwaliko. Miaka michache tu, huyu kamwaga taka, yule kapanda mihogo, mwingine kaweka tanuru la matofali. Kila mtu alisema vilevile: pale pako wazi, hapana mwenyewe.

Mkinduni haikuwa na zahanati. Rafiki yangu Atupele, nesi kutoka Mbeya, tuliyeimba naye sauti ya pili kanisani, ndiye aliyekuwa akiwazungukia wajawazito kwa bodaboda, begi lake la dawa amelikumbatia kifuani. Uchungu ukimshika mtu, anapakiwa kwenye pikipiki kupelekwa Kibiti mjini kwa njia ya mchanga. Siku moja mchana Zuhura, binti wa Bi Mwanaidi msuka mikeka, hakufika. Alijifungulia kando ya njia, juu ya khanga, Atupele amepiga magoti kwenye mchanga wa moto. Mtoto alipona, wa kike. Lakini watu wa Mkinduni walisema basi, imetosha. Walipiga tofali za zahanati wenyewe, waislamu na wakristo, wenyeji na wakuja, Jumamosi baada ya Jumamosi, na rundo wakaliweka mahali pekee palipokuwa wazi: korongoni.

Nikatumwa kupapima. Nikasimama mbele ya mkutano wa kitongoji nikasema pale hapafai, ni njia ya maji.

Watu waliguna. Mwenyekiti akauliza, "Maji gani, mama? Mimi nimehamia hapa mwaka wa saba, sijaona hata tope."

Nikaanza kueleza mchanga wa chenga na vichuguu. Nikafungua ramani nikaisoma. Watu wakatazamana. Ndipo akasimama Bi Mwanaidi, mwanamke mfupi, mikono imekakamaa kwa kusuka, na mkutano wote ukamgeukia, maana mjukuu wake ndiye aliyezaliwa njiani.

"Mama Bikoni," akasema, "wewe umezalia wapi?"

"Hospitali, Dodoma."

"Kitandani?"

"Kitandani."

"Ahsante," akasema, akakaa.

Nilimtazama Atupele anisaidie, akatazama viatu vyake. Baada ya mkutano alinifuata. "Tabita, wewe unaletewa ramani. Mimi ninaletewa khanga zenye damu. Kama una kiwanja kingine, kitoe. Kama huna, usitufunge mikono."

Sikuwa nacho. Viwanja vyote vilikuwa na wenyewe. Nikaomba kitu kimoja tu: nipewe masika moja. Nikasema maji yatajionyesha yenyewe. Mwenyekiti, kwa heshima ya mvi zangu, akakubali.

Mzee Mbonde alikuwa ameshaacha kazi, lakini alikuja na magoti yake. Tulifunga vitambaa vyekundu kwenye mikindu, kila kimoja juu kidogo ya mwenzake, ili maji yakipita tujue yalifika wapi. Akatazama angani, akanusa, akaapa mbele ya watu kwamba masika ile italiza ng'ombe.

Haikunyesha. Nasema ilinyunyiza tu, manyunyu ya kuotesha uyoga, na wiki nzima za jua katikati. Korongo lilibaki kavu kama ubao wa mbuzi ya kukunia nazi. Vitambaa vyetu vikapauka vikawa vya waridi. Watoto wakavifungua wakatengenezea mipira. Nilipopita sokoni kijana mmoja akaniuliza kwa sauti, "Mama Bikoni, mto umefika wapi?" na soko zima likacheka. Mzee Mbonde alijifungia nyumbani siku tatu akidai ni magoti.

Ningeweza kuvumilia kicheko. Kilichofuata ndicho sijakivumilia mpaka leo. Baada ya masika, mwanamke mwingine wa Mkinduni alishikwa na uchungu asubuhi. Pikipiki ikapasua tairi njiani. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Nilikwenda msibani nikakaa nyuma kabisa. Atupele alinikuta naondoka. Hakupaza sauti. Alisema, "Tungekuwa tumeshapaua," basi, akapita.

Ndugu zangu, mtu akiwaambia kwamba ukisimamia jambo sahihi utalala usingizi, mwambieni aje aniulize. Siku ile nilirudi ofisini nikatoa fomu ya kuruhusu ujenzi pale korongoni. Niliijaza yote. Ilibaki sahihi tu. Nikaitia mkobani, nikajiambia nitaisaini mbele ya wenyewe, kesho yake, kule kule Mkinduni.

Nikiwa njiani kwenda kwa mwenyekiti nikapita mbele ya nyumba ya Bi Mwanaidi. Alikuwa ameketi barazani anasuka, kandokando yake mafungu ya ukindu uliotiwa rangi. Nilitaka kupita kimya. Akanikaribisha.

"Kaa. Mkeka si wa kutazama."

Nikakaa. Alikuwa anamalizia mkeka wa wale waliofiwa, wa kukalia wageni wa arobaini. Vidole vyake havikusimama. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimeshashindwa na sikuwa tena na la kulinda.

"Bi Mwanaidi, ukindu unakata pale korongoni tangu lini?"

"Tangu sijavunja ungo."

"Maji umewahi kuyaona?"

Alisuka mpaka mwisho wa ule ukili aliokuwa nao mkononi, akaukunja, akauweka chini.

"Mara tatu. Mara ya kwanza yaliondoka na mbuzi wa mama. Ya pili nilikuwa mwari ndani, niliyasikia tu, yananguruma kama lori. Ya mwisho nilikuwa na mimba ya huyu Zuhura. Nilikuwa korongoni, nakata. Mvua kwetu hapa haikuwepo, ilinyesha huko kilimani. Nilikumbatia mti mpaka mume wangu akaja na kamba."

Akainuka. "Njoo."

Tukashuka korongoni, yeye mbele, panga mkononi, akipinda miiba ya mikindu kwa ustadi ambao sikuwa nao. Alinipeleka kwenye mkwaju mkubwa nilioutumia mwenyewe kama alama ya kupimia, mara nyingi tu. Akanyoosha panga juu. Kwenye panda ya mti, juu ya kichwa changu kwa mkono mzima, ilikuwa imenasa sufuria. Mti umeikulia, umeimeza nusu. Nilikuwa nimeutazama mkwaju ule kwa darubini miaka na miaka, nikitazama shina.

"Ile si ya kwangu," akasema. "Sijui ya nani. Ilikuja na maji."

"Mbona mkutanoni hukusema?"

Alinigeukia kwa hasira, nikaona machozi. "Ningesema nini? Mjukuu wangu kazaliwa njiani kama mwanambuzi. Zahanati naitaka mie kuliko wote waliokuwa pale. Ningesimama nikasema maji, maji ambayo nusu yao hawajayaona, ili wakose pa kujenga? Nilijiambia Mungu atayazuia, kwa ajili ya watoto." Akapangusa uso kwa upindo wa khanga. "Tena wewe hukuniuliza. Umepita hapa na kidarubini chako miaka yote hiyo, hodi hujapiga. Siku ya mkutano ukaja kunisomea ramani."

Nilimwomba radhi pale pale mchangani. Alikata ukindu kidogo, kwa vile alikuwa ameshafika, tukapanda ukingo. Juu kabisa, upande wa nyumba yake, pana kitu kama kilima kidogo chenye mikorosho mizee. Akasimama.

"Mikorosho hii ya marehemu mume wangu. Imezeeka kama mie, haizai cha maana. Waambie wajenge hapa."

"Bi Mwanaidi, hili ni shamba lako."

"Najua ni langu. La mtu mwingine ningeligawaje?"

Halafu akanipa sharti lake, na alilisema akinyoosha kidole kama mwalimu wa hesabu. Korongo liandikwe. Lisiachwe tupu. Liandikwe kwamba ni la maji, na kwamba wanawake wa Mkinduni watakata ukindu humo wao na wana wao bila kumwomba mtu ruhusa. "Ukiandika maji peke yake," akasema, "watasubiri yakauke walichukue. Andika na sisi. Sisi tupo kila siku."

Fomu ile sikuisaini. Nilimpelekea mkuu wangu ofisini ramani mpya, na juu ya ule ukanda nimeandika: Njia ya Maji na Ukindu wa Wanawake wa Mkinduni. Ndiyo hayo maneno anayoyauliza mwenzenu.

Mkuu alivua miwani. Alikuwa mtu mwema, ila wa taratibu. "Mama Tabita, kuna makazi, kuna biashara, kuna eneo la wazi. Ukindu si matumizi ya ardhi."

"Mheshimiwa, nikuulize. Ijumaa unasali juu ya nini?"

Msala wake ulikuwa umekunjwa juu ya kabati la mafaili, tuliuona wote wawili. Ulisukwa Mkinduni. Akavaa miwani, akasaini, akaniambia nikiulizwa na wakubwa niseme ni wazo langu. Nikasema ndivyo ilivyo, ingawa sivyo ilivyokuwa.

Tofali zilihamishwa kichwani, moja moja, kutoka korongoni mpaka kilimani. Mwenyekiti alibeba pia, na hakuacha kulalamika. Mikorosho ilipoangushwa Bi Mwanaidi aliingia ndani akafunga mlango, hakutoka mpaka jioni. Wakati huohuo sisi tulizika bikoni za korongo, na hapa nisikilizeni kwa makini, maana ndipo vijana mnapoharibu. Bikoni za njia ya maji usizizike ukingoni. Ziweke mbali, kwenye mstari wa vichuguu, kwa sababu ukingo unahama. Zipake chokaa zionekane. Usifyeke mikindu wala matete kwa kutaka usafi. Mizizi ile ndiyo breki ya maji, ukiiondoa maji yanakimbia, yanachimba, na yanakwenda kumla mtu wa chini. Usilisakafie kwa saruji ukaliita mtaro. Na pale pikipiki zinapokatiza tulikataa kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya njia, maana makuti na taka huliziba. Tulimwaga kivuko cha zege kilicholala sawa na mchanga, maji yapite juu yake yakitaka. Siku yakipita, watu wasubiri. Mzee Mbonde alikaa kwenye kiti kivulini akitoa amri, na kila bikoni alitaka iinuliwe izikwe upya. Ndiyo kazi ya mwisho tuliyofanya pamoja. Mwaka uliofuata tulimzika.

Zahanati ilifunguliwa. Masika ikapita, ndogo. Nyingine ikapita, ndogo vilevile. Korongo kavu. Nilistaafu korongo likiwa kavu. Atupele alinisalimu kanisani kama anavyosalimiwa mgeni, mkono na tabasamu la mdomoni, halafu anahamia benchi jingine. Sikumlaumu. Tangu ule mkutano mpaka siku zahanati ilipofunguliwa ulipita mwaka na zaidi, na ndani ya mwaka ule kulikuwa na kaburi dogo. Mimi nilikuwa na sufuria kwenye mti. Yeye alikuwa na jina la yule mtoto, maana mama wa mtoto alikuwa ameshamtajia.

Masika ya tatu nilikuwa uani napepeta mchele, hapakuwa na mvua, mawingu tu upande wa kilimani. Simu ikaita. Namba ya Atupele, ambayo haikuwa imeita kwangu muda mrefu.

"Njoo," akasema, akakata.

Nilichukua bodaboda. Kabla hatujafika kivukoni dereva alizima pikipiki mwenyewe. Nilisikia kwanza: mngurumo wa chini, kama alivyosema Bi Mwanaidi. Kisha nikaona. Korongo limejaa kutoka ukingo mpaka ukingo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda na matawi, na ndoo, na mlango wa choo cha mtu wa huko juu. Mikindu ilikuwa imelala ikielekea chini, inatetemeka, lakini haikung'oka. Watu wamejipanga mstari ng'ambo zote mbili, wamesimama nje ya bikoni nyeupe kana kwamba ni kamba ya uwanja wa mpira. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Wengi wao ndiyo mara yao ya kwanza kuyaona.

Nikafuata njia ya juu, upande ule ule, nikapanda mpaka zahanati. Atupele alikuwa amesimama barazani, glavu bado ziko mkononi. Nikasimama kando yake.

"Pale," akasema, akanyoosha kidole kwenye maji, mahali gogo la mnazi lilipokuwa linazungukazunguka. "Pale ndipo tulipochora chumba cha kujifungulia."

"Ndiyo."

"Ndani nina mzazi. Kajifungua saa tano."

"Salama?"

"Salama. Mapacha." Akavua glavu moja, akavua na ya pili. "Yule wa mwaka ule, Tabita. Simsahau."

"Wala mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuona msibani ulivyokaa nyuma."

Ndani pacha mmoja akaanza kulia, na wa pili akamfuata. Atupele alikwenda akawatazama, akarudi na vikombe viwili na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Akanisogezea kiti.

"Kaa," akasema. "Leo huondoki hapa mpaka jioni."